Kitochi cha 28,000: miezi mitano mkononi

Nimekinunua Mei, karibu na stendi ya Jamatini, Dodoma. Muuzaji alianzia 30,000, akanikazia macho: "Mdogo wangu, wewe si yule binti wa zabibu?" Nikamwambia tunafanana. Akacheka, akapunguza 2,000 na kunipa hedifoni bure. Nadhani hakuniamini.

Kwa wasionijua (na mbaki hivyohivyo): nikiwa na miaka 13 nilirekodiwa nikicheza katikati ya mizabibu ya bibi, Mpunguzi, ndoo kichwani. Video ikasambaa. Kufika miaka 16 nilikuwa na wafuasi 280,000, anko mmoja wa Dar aliyejipa umeneja, na cheko maalumu. Ndiyo, cheko. Langu la kawaida eti linakwama kooni, nikafundishwa jingine. Mwaka huu nina 17. Akaunti na ile simu kubwa nimemwachia anko.

Sasa kitochi. Chaji inakaa siku nne, tano ukiwa mchache wa maneno. M-Pesa inapiga *150*00# kama kawaida, bando la nini. Laini ni ya jina la mama. Kuna nafasi ya majina 300, nimejaza 11. Redio haishiki bila hedifoni, kwa hiyo mimi na bibi tunagawana sikio moja moja, na Bunge la bajeti tumelisikiliza mpaka mwisho. Bibi huwajibu waheshimiwa kwa Kigogo. Kamera ipo, lakini picha inatoka kama imepigwa kupitia chupa ya mafuta ya kula. Safi kabisa.

Tochi ndiyo iliyonilipa hela yangu. Saa kumi na moja alfajiri tuko shambani, kwa sababu zabibu ukizichuma jua limeshachachamaa zinanyong'onyea kwenye kreti kabla mnunuzi hajafika. Mistari minne ni yangu, niliipogoa mwenyewe Mei: unahesabu macho ya tawi, pale machipukizi yanapotokea, unabakiza mawili, unakata. Septemba tumeichuma. Kumbe kucheza sikuwa nakupenda kihivyo. Kupogoa naweza kushinda nako kutwa nisikumbuke kula. Na juzi mbuzi wa jirani kala kofia ya bibi, nikacheka mpaka nikakaa chini. Likakwama kooni vilevile.

Ubovu ni mmoja: kitufe cha 6 kiligoma wiki ya pili. Huko ndiko ziliko M, N na O, kwa hiyo "sawa" naandika vizuri tu, ila "hapana" haiandikiki. Mwezi wa saba anko alituma ujumbe kwamba kuna tangazo la losheni, nije Dar na treni, nauli juu yake. Nikaandika "hapa", nikafuta, nikaandika tena. Ikabidi nimpigie. Miaka yote ile sikuwahi kumtamkia neno hilo kwa mdomo wangu. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekata.

Fundi wa Sabasaba anataka 3,000 kukirekebisha hicho kitufe. Bado sijampelekea.