Riwaya za Upelelezi na Taharuki: Zipi za Kununua, Zipi za Kuazima

Nyuma ya jalada la riwaya ya taharuki karibu kila mara utakuta ahadi ileile, kwamba mwisho wake utakushangaza. Mnunuzi aichukulie ahadi hiyo kama onyo. Riwaya iliyoweka utamu wake wote kwenye kurasa kumi za mwisho utaisoma mara moja tu, kisha itabaki rafuni ikila vumbi. Ndiyo maana hapa nimetumia kipimo kimoja: ukishamjua muuaji, bado utatamani kuifungua tena? Inayofaulu nunua. Isiyofaulu azima, au subiri nakala iliyokwishatumika. Siri za mwisho sifichui.

1. The Talented Mr. Ripley, Patricia Highsmith (1955). Hapa hakuna muuaji wa kutafutwa. Tom Ripley anatumwa Italia kumshawishi mtoto wa tajiri arudi nyumbani, na tunamtazama akianza kuyatamani maisha ya kijana yule: nguo zake, pete zake, hata namna anavyozungumza. Hofu inayokushika ni ya ajabu, maana unaogopa Tom asije akakamatwa. Unajikuta umesimama upande wa mtu ambaye usingethubutu kumpa hata funguo zako akushikie, na Highsmith hakuachii upenyo wa kujitoa. Kuna vitabu vingine vinne vya Ripley. Hiki cha kwanza kinajitosheleza, na kwa maoni yangu hivyo vingine havikifikii.

2. The Devotion of Suspect X, Keigo Higashino. Ilitoka Japani mwaka 2005 na kushinda tuzo ya fasihi ya Naoki. Mauaji yanafanyika mapema, mbele ya macho yako: mwanamke anamuua mume waliyekwisha kuachana, na jirani yake, mwalimu wa hisabati, anajitolea kuficha ushahidi. Aliyeua unamjua, sababu unaijua, na bado unachezewa shere. Kisha anaingia mwanafizikia aliyesoma chuo kimoja na mwalimu huyo, na kuanzia hapo ni vichwa viwili vikipimana nguvu.

3. The Murder of Roger Ackroyd, Agatha Christie (1926). Usomaji wa pili ni mtamu kuliko wa kwanza, kwa kuwa unaona sentensi zilizokupotosha zilikuwa kweli tupu. Ilipotoka ilizua ubishi, baadhi ya wasomaji wakidai mwandishi amewahadaa. Mimi nasema vidokezo vimo, ni sisi tunaovipita. Angalizo kwa riwaya yoyote ya zamani: utangulizi wa mhakiki unaweza kutaja mwisho bila haya, basi uache mpaka umalize hadithi.

4. Rebecca, Daphne du Maurier (1938). Mapenzi nusu, jinai nusu. Msimulizi hatajwi jina tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali mke wa kwanza, ambaye ni marehemu, jina lake limetanda nyumba nzima. Inaanza polepole. Kama unataka maiti kwenye ukurasa wa tatu, iruke.

5. Gone Girl, Gillian Flynn (2012). Mke ametoweka, mume anashukiwa, na wote wawili wanasimulia kwa zamu. Mgeuko mkubwa wa hadithi umewekwa katikati, hivyo nusu ya pili ina kazi ya kufanya. Imeshuka hadi hapa kwa sababu wawili hao wananichosha kabla hawajamaliza kuchoshana wenyewe. Kama kitabu cha kusikiliza inapendeza sana. Mafumbo ya Christie, kinyume chake, yanataka kitabu cha karatasi, kwani utataka kurudi nyuma kuhakikisha nani alikuwa wapi saa ngapi.

Za kuazima: The Girl on the Train ya Paula Hawkins (2015) na The Silent Patient ya Alex Michaelides (2019). Zote zinakimbia, na zote zitakunyima usingizi. Ila ukishafika mwisho, cha kurudia ni kidogo.

Nje ya orodha naiweka Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), yenye mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Hii sijui niilinganishe na ipi kati ya zile. Ninairudia kwa ajili ya Kiswahili chake, hata pale ninapokumbuka vizuri nani alifanya nini. Ukiiona, usisite.

Kabla ya kulipa, kagua jina. Murder on the Orient Express ya Christie (1934) iliwahi kuuzwa Marekani kama Murder in the Calais Coach, na 4.50 from Paddington yake (1957) kama What Mrs. McGillicuddy Saw!, hivyo ni rahisi kununua hadithi moja mara mbili. Kagua pia mfululizo. Vitabu vitatu vya Stieg Larsson vinataka kusomwa kwa mpangilio. Vya Poirot, mpelelezi wa Christie, anza popote, mradi Curtain (1975) iwe ya mwisho.