Kwenda Windows 11: kupandisha juu kwa juu au kufuta na kuanza upya?

Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta yako inakidhi masharti ya Windows 11, ikiwemo TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta), RAM ya GB 4 na diski ya GB 64, una njia mbili.

Kupandisha juu kwa juu, yaani kuweka Windows 11 juu ya Windows 10 bila kufuta, kunakuachia programu na mafaili yako. Ukijuta, una siku 10 za kurudi, maana mfumo wa zamani hubaki kwenye folda ya Windows.old. Kikwazo kikubwa ni UEFI, mfumo mpya wa kuwasha kompyuta ambao Windows 11 inautaka badala ya BIOS ya zamani. Diski iliyogawanywa kwa MBR (mtindo wa zamani wa kugawa diski) haiwaki ukishabadili mpangilio wa BIOS kwenda UEFI. Unabaki na skrini nyeusi inayodai haioni diski ya kuwakia. Usikimbilie kwa fundi. Rudisha mpangilio wa awali, mashine iwake, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika mbr2gpt /convert /allowFullOS, amri inayogeuza MBR kuwa GPT (mtindo mpya unaoendana na UEFI), ndipo ubadili tena kwenda UEFI. Ikigoma, hesabu migawanyo mikuu ya diski: isizidi mitatu.

Kufuta na kusakinisha kwa flashi hakuna usumbufu huo, kwani ukiwasha flashi kwa UEFI na kufuta migawanyo yote, kisakinishi hutengeneza GPT chenyewe. Draiva (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) mbovu nazo zinaondoka. Ila data iwe kwenye diski ya nje kwanza (D: ya diski ileile haihesabiki), na programu zote utaziweka upya.

Mashine inayowaka vizuri ningeipandisha tu. Iliyoanza kusuasua kuwaka, ningeifuta.