Kidude cha 25,000 kimeniumbua: anayekula mafuta ni mguu wangu

Habari zenu wana Mwisho wa Reli, Kigoma yetu, na nyie mlioko mbali, karibuni tena. Leo narekodia humu humu kwenye gari yangu, Toyota IST, nimepaki chini ya mwembe hapa Ujiji, mkisikia kuku mnivumilie.

Kitu chenyewe hiki hapa. Kinaitwa OBD2, kidogo tu kama kiberiti, unakichomeka chini ya dashibodi upande wa dereva, kinaongea na simu kwa Bluetooth, basi unaona gari inavyokula mafuta hapo hapo unavyoendesha. Nimekinunua 25,000. Na tuelewane mapema jamani, hiki HAKIPUNGUZI mafuta, kuna vingine vinafanana nacho vinauzwa eti ukichomeka tu gari inakula nusu, vile ni taa tu zinawaka, msitupe hela.

Sasa mnaujua mteremko wa kutoka Mwanga kushuka stesheni. Miaka yote mimi nikifika pale naweka fri, yaani gia ya N, najiona mjanja, gari inajishukia yenyewe. Nikampa mdogo wangu simu asome (usisome mwenyewe unaendesha, tafadhali), nikashuka na gia ya D mguu nimeutoa kabisa kwenye moto, ile pedali ya mafuta, namba ikadondoka mpaka sifuri. Sifuri kabisa! Nikarudi juu, nikashuka na fri, ikaandika lita 0.7 kwa saa. Yaani gari za injekta ukiachia moto ikiwa kwenye gia, magurudumu ndo yanazungusha injini na kompyuta inakata mafuta mpaka ukikaribia kusimama, ila ukiweka fri injini inabidi ichome mafuta isizime, na juu yake breki ndo zinafanya kazi yote peke yake. Kumbe ujanja wote ule nilikuwa najiibia. Ila sio kila app inatambua hiyo ya kukata mafuta, nyingine inakisia tu kwa hewa inayoingia kwenye injini, ya kwanza niliyoweka ilikuwa inanidanganya.

Kingine matuta. Mimi nilikuwa tuta likiisha nakanyaga, mbele kuna tuta lingine nakanyaga breki, namba inaruka ruka kama panzi. Siku hizi nikiliona tuta kwa mbali naachia moto mapema. Wiki ya kwanza nimeendesha kwa tabia zangu nikapata kilomita 10.6 kwa lita, ya pili 12.4, njia ile ile ya Mwanga na Ujiji. Lakini nisiwe muongo, katikati hapo nilijaza upepo kwenye matairi, stika ya mlangoni inasema PSI 32, mimi nilikuwa na 25, kwahiyo sio mguu peke yake.

Halafu ile taa ya injini. Fundi mmoja alishaniambia nibadilishe pampu na plagi zote, nikasoma kodi ya hitilafu kwa kidude hiki ikaja P0135, hita ya sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa injini. Sensa hiyo ikizingua gari inaweza kumwaga mafuta mengi kuliko inavyotakiwa, ndo unakuta silensa nyeusi na moshi unawasha macho ya bodaboda aliye nyuma yako. Na lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi, uzito unazidi petroli yenyewe kwa sababu inabeba na oksijeni ya hewani.

Ubaya wake: kopi ni nyingi, wa iPhone ulizeni kabla ya kununua maana hii yangu imegoma kabisa, na gari ikikaa siku kadhaa kichomoe kisinyonye betri.

Jana nimembeba mama mkwe na dumu lake la mawese, kafungua mfuniko pale Mwanga kasahau kuufunga, tumefika Ujiji halijamwagika hata tone. Akaniuliza, baba, hii gari umeitengeneza lini?