PhET kwa fizikia ya A-Level nyumbani: uzoefu wangu

Kijana wangu anasomea nyumbani hapa Mombasa, na tangu aingie A-Level (ngazi ya mwisho ya sekondari katika mtaala wa Kiingereza) wazazi wenzangu wananiuliza swali moja tu: maabara mnaitoa wapi? Hisabati inataka daftari na uvumilivu. Fizikia inataka vifaa, na vifaa ni pesa. Kwetu sehemu kubwa ya pengo hilo imezibwa na PhET. Naipa nyota nne, na ile ya tano nimeizuia kwa sababu nitakayoieleza.

PhET ni majaribio ya sayansi ya kwenye skrini yanayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Aliianzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kwenye tovuti yao ni bure, na si ile bure ya wiki moja halafu unadaiwa kadi ya benki. Inafunguka kwenye simu au kompyuta, na majaribio unaweza kuyapakua ukayatumia hata bando likiisha. Yapo yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili pia. Mdogo wake huyafurahia hayo, ila huyu wa A-Level namwachia ya Kiingereza maana ndiyo lugha ya mtihani wenyewe.

Bora kuliko yote, kwangu, ni la saketi. Unaunganisha betri, nyaya, balbu, amita na voltimita utakavyo, na ukikosea ukaunganisha ncha mbili za betri moja kwa moja, moto unawaka (kwenye skrini, alhamdulillahi). Ukifungua ukurasa wa maabara kuna kitelezi cha ukinzani wa ndani wa betri. Mada hiyo ilikuwa imemkalia kooni kijana. Kitabuni ni V = E − Ir (volti zinazotoka ni zile za betri yenyewe ukitoa zinazopotelea ndani yake), herufi nne anazikariri bila kuziamini. Alipoongeza ukinzani akaona voltimita inashuka kila saketi inapofungwa na kupanda tena ikikatwa, alinyamaza kidogo, kisha akaenda kutafuta betri kuukuu za tochi na ile mita ya fundi umeme tuliyonayo. Bila kuwasha chochote betri ilisoma karibu volti moja na nusu, na balbu ilipowashwa ikaporomoka. "Mama, kumbe haijaisha, imechoka ndani!" Sikuwa na maelezo bora kuliko hayo.

La pendulamu nalo ni zuri. Unabadilisha urefu wa uzi, uzito na nguvu ya mvutano wa sayari (g), unampeleka mtoto Mwezini au Jupita, na kuna Sayari X ambayo g yake haikutajwa. Aitafute mwenyewe: achore grafu ya T² (T ni muda wa kwenda na kurudi mara moja) dhidi ya urefu, mteremko ni 4π²/g, basi.

Sasa hiyo nyota ya tano. Vipimo vya PhET ni safi mno. Nukta zote zinakaa kwenye mstari kama zimepigwa rula, na mtoto anaweza kumaliza mada nzima asijue kosa la kipimo ni nini, ilhali A-Level inaliuliza kila mwaka. Kwa hiyo kila jaribio la skrini tunalirudia kwa mikono pale linapowezekana. Pendulamu yetu ni nati nzito iliyofungwa kwenye mshipi wa kuvulia, ukining'inia mlangoni, na pangaboi limezimwa (kwa joto la Mombasa, hapo ndipo subira hupimwa). Uzi wa mita moja huenda na kurudi kwa takriban sekunde 2. Kidole kikichelewa sekunde 0.2 kwenye mzunguko mmoja, hilo ni kosa la asilimia 10. Hesabu mizunguko 20 kisha ugawanye, kosa lile lile linabaki asilimia 0.5. Skrini haimfundishi mtu jambo hilo kwa sababu skrini haina kidole.

Mnaochagua bodi ya mtihani liangalieni hili mapema. IGCSE ya Cambridge, mtihani unaotangulia A-Level, ina karatasi ya kuandika badala ya vitendo, lakini A-Level yao haina: Paper 3 ya fizikia mtahiniwa anaifanya na vifaa mbele yake. Kituo kimoja cha mtihani kilitukubali kwa simu, tulipofika kikasema watahiniwa wa nje hawaruhusiwi maabara. Edexcel, bodi nyingine ya Uingereza, kwenye International A-Level, hupima ujuzi wa maabara kwa karatasi ya kuandika, Unit 3 na Unit 6. Ndiko tulikokwenda, na kwa njia hiyo PhET pamoja na nati ya mlangoni vinatosha.

Kwa kemia siisifu kiasi hicho. Majaribio ya pH na ya gesi yanasaidia kuelewa, lakini mkono wa kufungua bureti (bomba la kioo la kupimia kimiminika) tone kwa tone haupatikani kwa kubofya, na kemia ogani ya kiwango hiki sikupata kitu cha kutegemea. Hiyo tunalipia maabara ya shule jirani wakati wa likizo. Biolojia kijana hachukui, kwa hiyo aulizwe mwingine.