ICS ya Delphi: maktaba ya soketi ninayoiamini kwa seva ya malori

Kijana anayeanza kuandika seva kwa Delphi, zana ya kuandikia programu kwa lugha ya Pascal, akiniuliza ashike maktaba gani ya soketi (soketi ni ncha ya muunganisho wa mtandao ndani ya programu), namwambia ICS bila kusita. Jina lake kamili ni Internet Component Suite. Aliyeianzisha katika miaka ya 1990 ni François Piette wa Ubelgiji, na kwa miaka mingi sasa matoleo mapya yanatolewa na Angus Robertson. Ni bure, na unapewa msimbo wake wote. Ukifungua mafaili yake utakuta mwandishi ameweka sharti moja ninalolipenda sana: anayeitumia amtumie postikadi yenye picha na stempu nzuri. Mtu aliyeandika kazi ya kiwango hiki akadai kadi tu anastahili kutumiwa hiyo kadi.

Mimi naitumia kwenye seva inayopokea taarifa za malori. Kila lori lina kifaa cha GPS chenye laini ya simu. Kifaa kinafungua muunganisho wa TCP, utaratibu wa kawaida wa kusafirisha data mtandaoni, hadi kwenye kompyuta yetu hapa Dar es Salaam, kisha kila baada ya nusu dakika kinatuma mstari mmoja: namba ya kifaa, latitudo, longitudo, mwendo na saa. Mengine yako Mikumi, mengine yanapanda Kitonga, mengine yameshavuka Tunduma yanaelekea Lubumbashi. Kwa hiyo unakuwa na miunganisho mamia iliyo wazi usiku na mchana, na karibu yote iko kimya karibu muda wote.

Delphi inakuja na Indy, maktaba nyingine ya soketi, na wengi huanzia hapo. Indy ni nzuri kwa namna yake: unaunganisha, unaandika, unasoma, na msimbo unasomeka kutoka juu hadi chini kama barua. Lakini kila hatua inasubiri hadi ikamilike, kwa hiyo seva ya Indy humpa kila mteja thredi yake, yaani mkondo wake wa utekelezaji ndani ya programu. Windows hutenga kwa kawaida MB 1 ya nafasi ya staki (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kwa kila thredi, na programu ya biti 32 ina GB 2 tu za kuchezea. Hata kabla hujafika kwenye ukomo huo, una mamia ya thredi zilizolala zikisubiri mstari mmoja, na kila moja ikiamka inataka kugusa orodha ileile na ramani ileile kwenye skrini. Hapo unaanza kufunga na kufungua makufuli, ili thredi mbili zisiguse kitu kimoja pamoja, mchana kutwa. Kwa programu inayopakua faili moja, chukua Indy na usijisumbue. Kwa malori, hapana.

ICS inafuata njia iliyozaliwa pamoja na Winsock 1.1, kiunganishi cha soketi cha Windows, mwaka 1993. Windows 3.1 ya wakati huo haikuwa na thredi. Programu moja ikikaa kusubiri mtandao, kompyuta nzima inaganda. Ndiyo maana Winsock ikapewa kitu kiitwacho WSAAsyncSelect: unaikabidhi soketi pamoja na dirisha, na data ikifika Windows inatupa ujumbe kwenye foleni ya dirisha hilo, sawa na inavyotupa ujumbe wa kipanya au wa kibodi. TWSocket, komponenti iliyo moyoni mwa ICS, inatengeneza dirisha lisiloonekana, inapokea ujumbe huo na kuugeuza kuwa tukio: OnSessionConnected ukishaunganishwa, OnDataAvailable data ikifika, OnDataSent bafa (data iliyongoja kutumwa) ikishamalizika kutumwa, OnSessionClosed upande wa pili ukifunga. Aliyewahi kuandika OnClick ya kitufe anaelewa mpangilio huu siku hiyohiyo. Seva yangu nzima upande wa mtandao ni thredi moja, ile kuu. Hakuna kufuli hata moja, kwa sababu hakuna wawili wanaogusa kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Ninachokishukuru zaidi ni LineMode. TCP haijui mstari ni nini. Inaleta baiti tu, na mstari wa kifaa unaweza kufika nusu, au mitatu ikafika imeshikana. Ukiwasha LineMode na kuweka LineEnd (alama ya mwisho wa mstari) inayolingana na kifaa, OnDataAvailable inaitwa pale tu mstari umekamilika. Kazi ambayo watu huiandika wenyewe kwa kurasa kadhaa, humu ni sifa mbili za komponenti.

Sasa thredi, maana hapa ndipo watu wanapoikatia tamaa ICS bila sababu. Dirisha la Windows ni mali ya thredi iliyolitengeneza, na ujumbe wake huletwa kwa thredi hiyo peke yake. Ukiunda TWSocket ndani ya konstrakta (msimbo wa kuundia) ya TThread, darasa la thredi la Delphi, konstrakta hiyo bado inaendeshwa na thredi iliyoiita, kwa hiyo matukio yote yataendelea kutokea kwenye thredi kuu na ile mpya haitakuwa na kazi. Ukiiunda ndani ya Execute, sehemu inayoendeshwa na thredi mpya yenyewe, bila kuwa na kitanzi cha kuchukua ujumbe kwenye foleni, soketi itakaa kimya milele: ujumbe uko kwenye foleni, lakini hakuna anayeuchukua. Njia sahihi ni kuiunda ndani ya Execute, kuweka MultiThreaded kuwa True, kisha kuita MessageLoop, ambayo inazunguka ikichukua ujumbe mmoja mmoja hadi ipewe WM_QUIT, ujumbe wa kuacha. Na kama soketi imeshaundwa kwingine, ita ThreadDetach kwenye thredi ya zamani, kisha ThreadAttach kwenye ile unayotaka, nayo itaipa soketi dirisha jipya hapo. Mfano wa ThrdSrv unaokuja na maktaba unaonyesha jambo hili vizuri. Usomeni kabla ya kulalamika.

Hata hivyo nasisitiza: kabla ya kuongeza thredi, jiulize nani hasa anachelewesha kazi. Kwetu si mtandao, ni kanzidata. Ukiandika kwenye kanzidata ndani ya OnDataAvailable na kanzidata ikachukua sekunde mbili, kwa sekunde hizo mbili skrini imeganda, taima haipigi na malori yote yanasubiri nje. Tumeweka thredi moja tu ya kuandika. OnDataAvailable inasukuma mstari kwenye TThreadedQueue, foleni ya Delphi iliyo salama kati ya thredi, na kurudi mara moja. Thredi ile inachukua kutoka upande wa pili na kuandika kwa mwendo wake. Na tafadhali, msiite ProcessMessages, inayoshughulikia papo hapo ujumbe ulio kwenye foleni, ndani ya OnDataAvailable ili "skrini isigande". Tukio lile linaweza kuitwa tena kabla la kwanza halijaisha, na data ikachanganyika kwa namna ambayo hutaipata kwa kuisoma tu.

Kuhusu taima. Lori likiingia bondeni mtandao ukapotea, kifaa hakipati nafasi ya kuaga. OnSessionClosed haiji, na soketi inabaki wazi kwenye seva kana kwamba dereva bado yupo hewani. Keepalive ya Windows, yaani ukaguzi wa kama upande wa pili bado upo, hata ukiiwasha, kwa kawaida husubiri ukimya wa saa 2 kabla ya kuulizia. ICS inakuruhusu kufupisha muda huo kwa kila soketi, na fanyeni hivyo. Juu yake tuna TTimer moja kwa seva nzima, si moja kwa kila lori. Kila sekunde kumi inapita kwenye orodha ya wateja na kuangalia kila mmoja alisikika lini; aliyekaa kimya dakika tatu anafungwa kwa CloseDelayed, ambayo inaweka ombi la kufunga kwenye foleni badala ya kumng'oa mteja katikati ya orodha tunayoipitia. Muda tunaupima kwa GetTickCount64, inayohesabu milisekunde tangu Windows iwashwe. GetTickCount ya zamani ni ya biti 32 na inarudi sifuri baada ya siku 49.7, na seva ya malori inatakiwa kukaa bila kuzimwa zaidi ya hapo. Kumbukeni pia kwamba WM_TIMER, ujumbe wa taima, hupewa nafasi ya mwisho: foleni ikiwa na ujumbe mwingine, taima inangoja. Kwa kazi ya kufagia waliopotea haina neno. Kwa kupima muda mdogo wa milisekunde haifai.

Udhaifu mkubwa wa ICS ni maelezo. Yametawanyika, mengi yamo kwenye maoni yaliyo juu ya mafaili ya msimbo, na mgeni hajui aanzie wapi. Mifano inayokuja nayo ndiyo mwalimu wa kweli. Anzeni na ule wa TcpSrv. Kuna na jambo dogo linalosumbua kila anayeanza: TWSocketServer, komponenti ya seva ya ICS, ina sifa iitwayo Banner, iliyojazwa tayari salamu ya Kiingereza anayotumiwa kila mteja anapoingia. Kifaa cha GPS hakiielewi salamu hiyo. Ifuteni kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa wanaohofia gharama: Delphi yenyewe ina Community Edition isiyolipiwa kwa anayeingiza chini ya dola 5,000 za Marekani kwa mwaka, na ICS inapatikana kupitia GetIt, duka la vifurushi la Delphi, ndani ya mazingira hayohayo ya kuandikia. Kijana mwenye kompyuta ya kawaida ya Windows anaweza kuwa na seva inayopokea mistari jioni hiyohiyo. Asiyetumia Windows kabisa atafute kingine, maana maktaba hii imejengwa juu ya ujumbe wa Windows na nguvu yake iko huko. Mimi naipa nyota tano upande wa kazi, tatu upande wa maelezo.