LiteBeam 5AC Gen2: dishi linalopaswa kununuliwa kwa geini yake, si kwa nguvu yake

LiteBeam 5AC Gen2 ya Ubiquiti ni dishi dogo la kuunganisha majengo mawili kwa masafa ya gigahezi 5. Anayetaka kulinunua huuliza kwanza lina nguvu kiasi gani, na muuzaji humjibu kwa kutaja kilomita. Mazungumzo hayo hayamsaidii mnunuzi, kwa sababu nguvu ya kifaa cha aina hii haina maana mpaka itazamwe pamoja na geini ya antena yake, yaani uwezo wa antena kukusanya mawimbi upande mmoja, na kiwango kinachoruhusiwa kisheria mahali kitakapofungwa.

Redio yake inaweza kurusha hadi dBm 25, ambazo ni kama miliwati 316, na antena yake ina geini ya dBi 23. Vyote viwili huhesabiwa kwa desibeli, dBm kwa nguvu na dBi kwa geini, na kila desibeli 10 zinazoongezeka ni mara kumi. Antena haitengenezi nishati mpya. Hukusanya ile iliyotolewa na redio na kuielekeza upande mmoja. Ukijumlisha namba hizo mbili unapata dBm 48, maana yake ni kwamba aliyesimama mbele ya dishi hupokea mawimbi sawa na yale ambayo angepokea kutoka kwa redio ya takriban wati 63 inayoyatawanya pande zote. Jumla hiyo ndiyo ambayo sheria nyingi huitazama.

Nchini Marekani, FCC, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, inaruhusu kiungo kisichohamishika cha nukta moja hadi nyingine, katika megahezi 5725 hadi 5850, kurusha wati 1 bila kupunguzwa kwa sababu ya geini ya antena, kwa hiyo huko dishi hili linaweza kutumika kwa nguvu yake yote. Ulaya ni kinyume kabisa. Kati ya megahezi 5470 na 5725 jumla ya redio na antena haipaswi kuzidi dBm 30, yaani wati 1, na kwa hiyo mwenye dishi la dBi 23 anatakiwa kuishusha redio hadi dBm 7, ambazo ni miliwati 5 tu.

Mtu anaweza kudhani kwamba kwa sheria kama hiyo dishi kubwa ni hasara, kwa kuwa antena ndogo ya dBi 13 nayo itafikia dBm 30 zile zile kwa kuongezewa nguvu ya redio. Hapa ndipo ninapolipenda dishi hili. Sheria hubana kinachorushwa, lakini haibani kinachopokelewa, na antena hufanya kazi ile ile pande zote mbili za safari. Kwa kilomita 3 zisizo na kizuizi, kwenye megahezi 5600 hivi, mawimbi hupungua kwa desibeli 117. Ukianza na dBm 30, antena ya dBi 13 upande wa pili itapokea kama dBm −74, ilhali dishi la dBi 23 litapokea dBm −64. Desibeli 10 hizo ni mara kumi, zimepatikana kihalali, na zaidi ya hayo dishi halisikii sana kelele za jirani kwa sababu linatazama upande mmoja tu. Gharama yake ni kwamba lazima lilengwe kwa uangalifu na lifungwe kwenye mlingoti usioyumba.

Programu yake, airOS, inastahili sifa. Ukichagua nchi na kuacha hesabu ya kikomo ikiwa imewashwa, yenyewe huondoa geini ya antena kwenye kikomo cha nchi hiyo na kuizuia redio isivuke kinachobaki. Mafundi wanaochagua nchi nyingine ili wapate namba kubwa zaidi wanafanya jambo baya. Rada za hali ya hewa za viwanja vya ndege hutumia megahezi 5600 hadi 5650, na FCC imewahi kuwatoza faini watoa huduma wa San Juan, Puerto Rico, kwa kuivuruga rada ya aina hiyo. Kwa sheria za Ulaya kifaa hulazimika kusikiliza kwa dakika kumi kabla ya kurusha katika sehemu hiyo, hivyo ni busara kuiepuka moja kwa moja. Anayelifunga Tanzania achague Tanzania na asome masharti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo. Wa Kenya afuate ya Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi yake.

Kuhusu mengine, lina mlango wa waya wa gigabiti na redio ya pembeni ya gigahezi 2.4 inayomwezesha fundi kulipanga kwa simu akiwa juu ya paa. Umeme wake ni volti 24 zinazopita kwenye waya wa mtandao moja kwa moja, bila vifaa kukubaliana kwanza kuhusu umeme kama kiwango cha kawaida kinavyotaka, kwa hiyo itumike adapta yake na si swichi yoyote iliyopo ofisini.

Kwa shule yenye majengo mawili yanayoonana, au duka na ghala lake ng'ambo ya mji, ningelichagua hili kabla ya kifaa chochote kinachojisifu kwa wati.