Elfu thelathini ya kupasua kichwa cha mama

"Kaka, ada ya tanuri ni ya kuchoma. Siyo ya kutoka salama."

Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonifanya niandike maoni haya ya chuo usiku huu badala ya kulala. Dada wa mapokezi aliyasema hayo bila kuinua macho, kidole kinateleza kwenye simu, na mimi nimesimama mbele yake nimekumbatia mfuko wa saruji uliojaa vigae vya kichwa cha mama yangu mzazi.

Jina la chuo silitaji. Kipo Dar es Salaam, kina mwembe uani na geti baya sana, na hapo naongea kama mtaalamu. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya bweni, miaka kumi na kitu sasa. Geti ukilitazama kwa mbele umelimaliza. Kwa nyuma ni lilelile, limeongezeka komeo tu. Nikawa na hamu ya kutengeneza kitu kinachosimama katikati ya uwanja, watu wakizunguke. Ndipo nikaona tangazo la kozi ya ubunifu wa maumbo ya pande tatu. Mke wangu akaniuliza, "Baba Zuu, unaenda kusomea pembetatu?" Nikamwambia ni mambo ya sanamu. Akasema bora ingekuwa pembetatu.

Sh. 350,000 kwa Jumamosi kumi na mbili, udongo humohumo. Ada ya tanuri haikuandikwa popote kwenye lile tangazo. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Mwalimu ni mtu mzima, mkimya, shati la mikono mirefu lililokauka udongo hadi linasimama lenyewe. Siku ya kwanza hakujitambulisha wala hakutuuliza majina. Alimpa kila mmoja mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa kamba na bonge la udongo. "Ingiza mkono mmoja, usichungulie. Mwingine ufinyange unachokigusa." Nusu saa nzima tunapapasa kama watu wanaotafuta funguo gizani. Mimi nilikuwa wa kwanza kumaliza, nikajiona hodari. Akaja, akakigeuza kitu changu juu chini, akakirudisha mezani.

"Fundi, umetengeneza geti."

Darasa zima likacheka, hata binti mmoja ambaye chake kilifanana na andazi. Nilitaka kuondoka. Nilichokosea ni kukaa nikakitazama tena, nikaona kweli nimefinyanga upande mmoja, upande wa pili ni bapa, ni pale kilipolalia meza. Ndani ya mfuko mlikuwa na goti la ng'ombe, lile la kwenye supu. Mfupa ule hauna mbele. Kila unapouanza ndipo mbele, na mgongo wake unajipinda ukawa tumbo bila kukuaga. Nimekunywa supu ya makongoro maisha yangu yote na sikuwahi kuona hilo.

Haya, hapo tayari nilikuwa nampenda na kumchukia.

Jumamosi nne zilizofuata hatukuruhusiwa kugusa kazi kubwa. Tulichora. Kitu kimoja unakichora kutoka mbele, nyuma, mbavu zote mbili, juu kama kunguru, na chini kama sisimizi. Baada ya michoro, vielelezo vya udongo, saizi ya ngumi, ishirini kwa kila wazo, dakika kumi kila kimoja, halafu unavunja vyote. Ukisitasita anakuvunjia yeye. Mwanzoni niliona ni ukatili tu wa mtu asiye na mteja anayemsubiri. Mimi nikichora geti moja, mteja akikubali, nanunua chuma siku hiyohiyo. Ila nikagundua kitu: vile vielelezo vya kwanza vyote vilikuwa vya watu wengine, simba wa kwenye geti la jirani, tembo wa kwenye noti. Kufika cha kumi na tano umeishiwa pa kuibia, na mkono unaanza kuleta mambo ambayo hata wewe unayashangaa.

Siku nyingine akaniambia nisifinyange mkono wa sanamu, nifinyange hewa iliyopo kati ya mkono na kiuno. Wenzangu walimkodolea macho. Mimi nilimwelewa papo hapo, maana geti ni nini kama siyo hewa iliyozungushiwa nondo? Ua la geti ni zile nafasi, chuma ni wino tu. Nikamwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa mara moja. Kwa mtu yule, hiyo ni cheti.

Alituonyesha picha za vyungu vya Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950 anayefanya kazi zake Uingereza. Anajenga kwa mkono, pindi la udongo juu ya pindi, bila gurudumu la kufinyangia, kama wanavyojenga wafinyanzi wanawake wengi vijijini kwetu, kisha anasugua hadi udongo unang'aa bila kupakwa rangi ya kung'arisha. Kuna chungu kimoja kimesimama kama mwanamke mjamzito aliyegeuka kumtazama mtu mlangoni. Na ni chungu kitupu! Mwalimu akasema, "Angalieni ndani kunavyosukuma nje." Nilikaa na maneno hayo wiki nzima nikikata mabomba.

Pia alitutuma Mwenge, kwa wachonga vinyago, twende kwa miguu yetu tukazunguke kinyago kimoja tu cha ujamaa, kile cha watu waliopandana kutoka shina hadi kilele, wote wametoka kwenye gogo moja la mpingo. Mabega ya huyu ni kiti cha yule. Ukihama hatua moja, sura uliyokuwa unaiona imekuwa kisogo, na mtoto ametokea palipokuwa na goti. Mzee aliyekuwa anachonga hakuwa na mchoro wala penseli, ana tezo na patasi tu, na mpingo ukishatoka haurudi. Sisi wa udongo tukikosea tunabandika. Nilirudi kwa daladala ya Posta makusudi nikaizunguke na Sanamu ya Askari, ile ya shaba iliyopo tangu 1927. Nimepita pale mara ngapi sijui, na sikuwahi kuuona mgongo wake. Askari wa trafiki alinitazama vibaya sana nilipomaliza mzunguko wa tatu.

Sasa mpaka hapo mtu atasema huyu anasifia. Subirini.

Kazi ya mwisho ilikuwa kichwa cha binadamu, ukubwa wa kawaida. Nikachagua kichwa cha mama, na kilemba chake, na hereni moja, kwa sababu ya kulia ilipotea kisimani zamani na hakununua nyingine. Niliweka mti katikati, nikazungusha waya na magazeti, nikajaza udongo. Jumamosi tatu. Nilimtumia picha kwenye simu akiwa Korogwe. Akajibu kwa sauti: "Mwanangu, huyu ni shangazi yako." Nikarekebisha pua. Nikatuma tena. "Sasa ni mimi, lakini una hasira nami?"

Siku niliyojua nimempata, nikaenda kunawa mikono. Narudi, mwalimu amesimama na ule waya wenye vishikio viwili, anamkata mama yangu kuanzia utosini hadi shingoni kama sabuni ya mche. Hakuniuliza! Hakusema hata "samahani fundi". Amemfungua vipande viwili, ananipa kijiko. "Komba ndani. Abaki unene wa kidole."

Nilimwambia maneno. Siyaandiki hapa. Yeye akasubiri niishe, akaniambia udongo mnene unaficha maji, na maji yakikutana na moto yanatafuta mlango. Basi. Nikatoa mti na waya wake, nikakomba, machozi yakiwa karibu. Nikakwangua kingo, nikapaka uji wa udongo, nikamuunga mama, nikafuta mshono hadi usingejua, nikamwachia tundu dogo chini ya kilemba la kupumulia. Na, kusema kweli, alikuwa mwepesi, na alionekana bora kuliko mwanzo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu sasa nilimjua ndani. Lakini angeuliza kwanza. Mtu mzima anaulizwa.

Hayo yote ningeyasamehe. Nyota nne zilikuwa tayari mfukoni.

Ilikuwa masika, na mnaijua Dar wakati wa masika, hata chumvi inatoa jasho. Udongo haukauki. Mwalimu alishatufundisha kipimo: weka kazi shavuni, ukisikia ubaridi, bado ina maji, hata kama kwa macho ni nyeupe kavu. Jumamosi ile yeye hakuwepo, alikuwa ameenda kuzika kwao. Aliyekuwepo ni kijana wa tanuri, na wageni walikuwa wanakuja wiki hiyo kuona maonyesho, hivyo uongozi ulitaka kazi zichomwe. Ndipo tukaambiwa kuna ada ya tanuri, elfu thelathini kila kichwa, ambaye hajalipa kazi yake inabaki kwenye rafu. Nikalipa. Risiti ninayo.

Nikamweka mama shavuni. Baridi. Nikamwambia kijana, "Dogo, huyu bado mbichi."

"Mzee, tanuri haisubiri mtu mmoja."

"Basi anza na moto mdogo, mwache humo usiku mzima ajikaushe."

Akacheka. "Mzee, wewe si wa kuchomelea?"

Ndiyo, mimi ni wa kuchomelea. Moto wangu ni wa kufumba na kufumbua, chuma kinayeyuka hapohapo na kinaganda hapohapo. Ndiyo maana niliogopa. Nilikuwa nimeuelewa ule moto mwingine, wa subira, unaopanda pole hadi maji yote yawe yametoka kabla ya kufika nyuzi mia moja, ndipo uukimbize hadi mia tisa na zaidi. Kijana aliukimbiza tangu mwanzo, kwa sababu alikuwa na mpira saa kumi. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe tunakunywa chai. Tukasikia mlio mzito, kama kitasa cha chuma kimeanguka ndani ya pipa. Kisha wa pili.

Mama aliondoka na bakuli la mwanamama mmoja na miguu ya twiga wa yule binti wa andazi. Walinitazama kana kwamba nimemtuma. Binti akajaribu kunifariji: "Mfinyanzi hulia gae, mzee." Nikamwomba aende mbali nami kwa muda.

Na hapo ndipo nikaenda mapokezi na mfuko wangu kudai elfu thelathini, na hapo ndipo dada akanijibu alivyonijibu. Ada ni ya kuchoma. Siyo ya kutoka salama. Jamani! Mimi nikimchomelea mtu geti likaanguka siku ya pili, nimwambie nilikudai ya kuchomelea, siyo ya kusimama? Mtaa mzima ungenifuata na marungu. Chuo kinachokufundisha Jumamosi kumi na mbili kwamba kazi haina haraka, halafu kinaiharakisha chenyewe kwa ajili ya wageni wa kupiga picha. Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mwembe.

Wiki iliyofuata mwalimu alirudi. Hakunipa pole, na mimi sikumpa pole ya msiba, jambo ambalo linanikera hadi leo. Alichuchumaa, akamwaga vigae vyangu sakafuni, akavipanga, akachukua kimoja akakitazama ubavuni kama mtu anayekagua sarafu.

"Kuta zako ni nzuri," akasema. "Unene sawa kila mahali. Hukubahatisha."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Badala yake nikajikuta nimechuchumaa naye, tunatafuta pua. Akanionyesha kwenye kigae cha shavu palipokuwa na rangi ya kijivu katikati, akasema hapo ndipo moto ulipokuwa haujafika. Tulikaa pale hadi adhana. Hakuna mtu aliyewahi kuisoma kazi yangu namna ile, na ilikuwa imevunjika.

Kwa hiyo mkiniuliza niende nisiende, nasema nenda. Nenda, mfuate mwalimu, vumilia ulimi wake, na siku ya tanuri chukua kazi yako mbichi uipakie kwenye bajaji urudi nayo nyumbani. Au usiende. Mimi bado napita pale na kugeuza uso. Juzi mteja aliniletea picha ya geti, nikamuuliza nyuma unataka liweje, akashangaa, nikamchorea mara nane. Amelipa zaidi. Hiyo hela siihesabu kwenye deni la chuo, deni la chuo lipo palepale.

Nilimpigia mama nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akauliza kama kuna chochote kilichobaki. Nikamwambia sikio la kushoto limetoka zima, na hereni yake. Akaniambia nimpigie picha. Nikatuma.

"Hilo ndilo langu," akasema.

Lipo karakana, juu ya boksi la umeme, mbali na cheche. Chuo wakilitaka kwa maonyesho yao, bei ni elfu thelathini.